Nimefeli NCLEX mara mbili nikiwa Texas, sasa nimehamia Florida, nianzie wapi?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo (kwa wasiojua: NCLEX ni mtihani wa leseni ya unesi Marekani, ADN ni digrii ya unesi ya ngazi ya associate, CNA ni msaidizi wa nesi): "Shikamoo dada. Nilimaliza ADN Houston mwaka 2024, nikafanya NCLEX mara mbili kupitia Texas. Ya kwanza kompyuta ilinipeleka mpaka swali la 150, ya pili ikazima kwenye 85, zote nimefeli. Mume wangu kapata kazi Jacksonville, tumehamia juzijuzi. Nafanya CNA usiku kwenye nyumba ya wazee, shifti tatu za saa 12 kwa wiki, na nina mtoto wa miaka miwili. Je nirudie kupitia Texas kwa sababu faili langu liko kule au nianze upya Florida? Florida watajua nimefeli? Na nisome nini tena maana nilishasoma kila kitu?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni na kuhama, najua kuhama na mtoto mdogo ilivyo. Nafundisha manesi wanaorudia huu mtihani na swali lako ni kama maswali matatu yamefungwa kwenye furushi moja, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo, vumilia.

Kwanza tuondoe hii habari ya "Florida mtihani wao ni rahisi" ambayo najua utaisikia kwenye sherehe na kwenye magrupu ya WhatsApp. Hakuna NCLEX ya Florida wala ya Texas. Mtihani ni mmoja, unatungwa na NCSBN, yaani baraza la kitaifa la bodi za manesi, unafanyikia kwenye vituo vya Pearson VUE, na ukitaka unaweza kuomba kibali Florida halafu ukaenda kuufanyia Atlanta, hakuna anayejali. Jimbo linahusika na vitu viwili tu: nani anakupa ruhusa ya kukaa mtihani, na nani anakupa leseni ukishafaulu. Maswali ni yaleyale na mstari wa kufaulu ni uleule.

Sasa Texas au Florida? Florida. Sababu siyo mtihani, ni leseni. Texas na Florida wote wako kwenye ule mkataba wa majimbo wa leseni za manesi, ambao sasa umefika majimbo zaidi ya 40, na faida yake ni kwamba unakuwa na leseni moja inayokuruhusu kufanya kazi kwenye yote. Lakini hiyo leseni ya majimbo mengi inatolewa na jimbo unaloishi, yaani pale leseni yako ya udereva ilipo, unapopigia kura kama unapiga, unapotajia makazi yako kwenye kodi. Wewe makazi yako sasa ni Jacksonville. Ukifaulu kupitia Texas huku unaishi Florida, Texas watakupa leseni ya Texas tu, halafu utaanza tena kuhangaika kuileta Florida, fomu juu ya fomu na hela juu ya hela. Ungekuwa umehamia California au New York hesabu ingekuwa nyingine kwa sababu wale hawamo kwenye mkataba, ila wewe umehama kutoka jimbo la mkataba kwenda jimbo la mkataba, kwa hiyo nenda kabadilishe leseni ya udereva kwanza kama bado, mambo mengine yote yanafuata hapo.

Halafu jambo jingine kuhusu Texas, wana sheria kwamba ukishamaliza shule una miaka minne ya kufaulu huu mtihani, ikipita unatakiwa urudi kusoma programu ya unesi upya. Wewe umemaliza 2024, kwa hiyo saa inakimbia mpaka 2028. Hiyo sheria ni ya kwao, haikufuati Florida, lakini usiiweke Texas kichwani kama akiba, kwamba "mambo yakiharibika Florida nitarudi kule". Akiba yenyewe inaoza.

Je, Florida watajua umefeli? Watajua. Matokeo yako yote yako NCSBN, siyo Texas peke yake, na bodi nyingine ya manesi inaweza kuyapata. Fomu ikikuuliza, jibu ukweli, mara mbili, tarehe hizi. Kufeli siyo kosa na hakuna bodi inayomkatalia mtu kwa sababu kafeli mara mbili, lakini kudanganya kwenye fomu ni kosa na hilo ndilo linaloweza kukufungia mlango kabisa, tena kwa kitu ambacho hata hakikuwa tatizo.

Ila kuna kitu Florida ambacho nataka ukisome polepole. Sheria ya Florida inasema mtu akifeli mara tatu mfululizo, bila kujali alifanyia mtihani chini ya jimbo gani, lazima asome kozi ya marudio iliyoidhinishwa na bodi kabla hajaruhusiwa kukaa tena. Umeona hapo? Zile mbili za Texas zinahesabika, kwa hiyo utakapokaa Florida, kwako hiyo ni ya tatu hata kama kwao ni ya kwanza. Ukifeli hiyo unaingia kwenye kozi, ambayo ina darasa na ina saa za wodini, na wewe una shifti za usiku na mtoto, sasa fikiria. Baada ya kozi unatakiwa uombe kurudia ndani ya miezi sita na unapewa nafasi hadi tatu nyingine. Siyo mwisho wa dunia, nimeona watu wamepitia hiyo kozi na leo ni manesi, na wengine wanasema ingekuwa vizuri wangeisoma mapema. Lakini inakula muda na hela na wewe bado uko upande huu wa mstari, kwa hiyo tuutumie.

Maana yake kwa lugha nyepesi: usiende kukaa mtihani kwa sababu siku 45 zimeisha. Zile siku 45 za kusubiri kati ya mtihani na mtihani ni kiwango cha chini kabisa, siyo tarehe ya miadi. Watu wengi wanaorudia wanazihesabu kama mfungwa anayehesabu siku za kutoka, ya 46 yuko kituoni, hajabadilisha chochote, anakwenda na kichwa kilekile kwenye mtihani uleule. Na nina wasiwasi ndicho kilichokupata mara ya pili, nitakuambia kwa nini baada ya kumaliza habari ya makaratasi.

Makaratasi nitayapitia haraka. Unatuma maombi bodi ya manesi ya Florida, chuo chako cha Houston kinatuma transkripti moja kwa moja kwao (siyo wewe unaituma, na piga simu chuoni uhakikishe imetoka, usikae unasubiri tu), unapiga alama za vidole kwa mashine kwenye kituo kinachotambulika Florida, na unajiandikisha upya Pearson VUE kwa dola 200 ukichagua Florida kama bodi yako. Angalia sana hapo kwenye kuchagua bodi, kuna watu mazoea yanawapeleka mkono unabonyeza Texas, na kubadilisha baadaye ni kulipa tena. Bodi ikisharidhika ndipo unatumiwa kwa imeili ile ruhusa ya kufanya mtihani, ATT. ATT ina muda wake, mara nyingi siku 90, na haiongezwi hata kama umeumwa au umefiwa, ikiisha umepoteza ile 200 na unaanza kujiandikisha upya. Kwa hiyo fungua maombi sasa, maana yanachukua wiki kadhaa na yataendelea huku wewe unasoma, ila ile ATT ikifika usikimbilie tarehe ya wiki ijayo. Chagua tarehe mwishomwisho mwa dirisha, ukiacha kama wiki mbili za dharura kwa sababu una mtoto na watoto wanaugua siku zisizotakiwa.

Jina. Hujaniambia kama ulibadilisha jina ulipoolewa lakini nauliza kwa sababu nimeona watu wanarudishwa mlangoni. Jina kwenye ATT na jina kwenye kitambulisho utakachobeba lazima yafanane. Paspoti ina jina la baba, leseni mpya ya Florida ina jina la mume, transkripti ina majina matatu ya Kitanzania yamepangwa kwa mtindo ambao Wamarekani hawauelewi, hapo unajitafutia balaa. Amua jina moja sasa hivi, kabla ya fomu yoyote.

Na kwa kuwa uko Florida, tahadhari moja. Mwaka 2023 serikali ya Marekani ilitangaza operesheni waliyoiita Nightingale, shule tatu za kusini mwa Florida zilikuwa zimeuza diploma na transkripti feki za unesi zaidi ya 7,600. Watu wakanaswa na majimbo yakaanza kuwafuta manesi leseni. Sasa wewe diploma yako ni halali, lakini mtu aliyefeli mara mbili ananukia kwa matapeli kutoka mbali, utafuatwa na mtu ana "kozi ya siku tatu ya uhakika" au "maswali yaliyovuja". Huu mtihani unachagua maswali kwa kila mtu tofauti kutoka kwenye benki kubwa, anayekuuzia maswali yaliyovuja anakuuzia upepo, na ukikutwa nayo ndiyo umekwisha.

(Kwa wanaosoma hapa ambao unesi wamesomea nyumbani, Muhimbili au Bugando au popote: njia yenu ni ndefu zaidi kidogo, majimbo mengi yanataka elimu yako ikaguliwe na CGFNS, ambao siku hizi wanajiita TruMerit, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania lithibitishe usajili wako. Ukihama jimbo kabla ya kufaulu uliza kwanza kama ile ripoti inaweza kutumwa jimbo jipya badala ya kuanza ukaguzi mwanzo. Na jifunzeni majina ya dawa ya huku, mtihani unatumia majina halisi ya dawa na siyo ya kibiashara, tena kwa Kimarekani: parasetamoli kwao ni acetaminophen, adrenalini ni epinephrine, salbutamol ni albuterol. Haya turudi.)

Sasa hii ya 150 na 85. Nadhani umeielewa kinyume, maana kwenye ujumbe wako unaonekana kuona zote ni kufeli kulekule. Hapana. Kompyuta inavyofanya kazi ni hivi, ukipata swali inakupa gumu kidogo, ukikosa inakupa rahisi kidogo, na kila jibu inakadiria upya uwezo wako uko wapi ukilinganisha na mstari wa kufaulu. Inasimama pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au uko chini. Kima cha chini ni maswali 85, na kati ya hayo 15 ni ya majaribio hayahesabiwi, kwa hiyo uamuzi unafanyika kwa 70. Kama haijapata uhakika inaendelea mpaka 150 na hapo inaangalia tu umeishia upande gani.

Kwa hiyo mara ya kwanza, kufika 150 maana yake ulikuwa umekaa karibu kabisa na mstari, mashine ilihangaika na wewe saa zote zile ikashindwa kuamua mpaka maswali yakaisha. Ulikosa kidogo sana. Mara ya pili ikazima 85, maana yake ilikuwa na uhakika mapema kwamba uko chini. Yaani ulirudi nyuma! Katikati ya mtihani wa kwanza na wa pili hukupoteza maarifa, ubongo hausahau unesi kwa miezi miwili, kilichobadilika ni kitu kingine: ulikuwa unafungasha nyumba, ulisoma kwa hasira, ulitazama video nyingi bila kufanya maswali, au ulikwenda mtihanini ukitoka shifti. Nijibie hilo wewe mwenyewe kwa ukweli kabla hujanunua kitabu kingine.

Na hapo ndipo swali lako la tatu linapojibika, "nisome nini maana nimesoma kila kitu". Ndiyo, umesoma kila kitu, na ndiyo maana usisome kila kitu tena. Toa zile ripoti mbili ulizotumiwa baada ya kufeli, ziweke mezani pamoja. Kila moja ina vifungu vinane na kila kifungu kimeandikwa uko juu ya kiwango, karibu na kiwango au chini ya kiwango. Nakisia bila kuziona, na mtu anayefanya CNA huwa sikosei sana, kwamba kifungu cha huduma za msingi na faraja uko juu au karibu, na vifungu viwili vilivyokuangusha ni usimamizi wa huduma na dawa. Hivyo viwili ndivyo vikubwa kuliko vyote, usimamizi wa huduma peke yake ni asilimia 15 hadi 21 ya mtihani na dawa ni 13 hadi 19, wakati kile cha huduma za msingi unachokijua mpaka usingizini ni 6 hadi 12 tu. Kama kisio langu ni sahihi basi robo tatu ya muda wako iende kwenye hivyo viwili, hata kama roho inakuvuta kurudia moyo na mapafu kwa sababu unavipenda.

Kwa nini CNA wanaanguka kwenye usimamizi? Siyo kwamba hawajui. Ni kwamba kila usiku kwa saa 12 unafundishwa na kazi yako kwamba ukiona kitu hakiko sawa unamwita nesi. Mwaka mzima unabeba boksi hivyo, mkono unazoea. Halafu unaingia mtihanini na nesi ni wewe, na mkono bado unataka kumwita mtu.

Tuchukue mfano, nimeutunga hapa hapa. Mzee wa miaka 68, siku ya pili baada ya kubadilishiwa nyonga, ghafla anasema hapumui vizuri, kifua kinauma akivuta pumzi, oksijeni imeshuka 86, mapigo 122. Utafanya nini kwanza: umpigie daktari, uinue kichwa cha kitanda na umpe oksijeni, umpe mofini iliyoandikwa, au upime ndama za miguu kama zimevimba? CNA ndani yako anasema piga simu. Mwanafunzi ndani yako anasema pima miguu kwa sababu mwalimu alisema tathmini kwanza, na tena umeshatambua kwamba hili ni donge la damu limeenda kwenye mapafu na unataka kulionyesha hilo. Jibu ni oksijeni. Swali limeshakupa vipimo vya kutosha kujua kuna hatari sasa hivi, na kuna kitu ambacho wewe nesi unaweza kukifanya kitandani pale kabla hujagusa simu. Tathmini zaidi unachagua pale ambapo hujui bado kinachoendelea. Daktari unampigia, ndiyo, lakini mgonjwa akiwa na oksijeni usoni.

Au wale wagonjwa wanne unapoanza shifti, umwone nani kwanza. Mwenye kisukari sukari 68 na ameshaanza kunywa juisi, aliyetolewa kidole tumbo maumivu 7 kati ya 10, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu oksijeni 90, na aliyefanyiwa upasuaji wa tezi la shingo saa sita zilizopita sasa anatoa sauti ya mkoromo akivuta hewa. Wengi wanakimbilia oksijeni 90 kwa sababu namba inatisha. Kwa mgonjwa sugu wa mapafu 90 ni hali yake ya kila siku. Wa shingo ndiye, njia ya hewa inaziba. Kwenye kila swali la namna hii jiulize, hiki kinachoonekana kilitarajiwa kwa mgonjwa huyu au hakikutarajiwa? Asiyetarajiwa anatangulia. Na ukiulizwa mgonjwa au kazi gani apewe CNA au LPN (nesi wa ngazi ya chini ya RN, yaani ya nesi kamili aliyesajiliwa), unajua mwenyewe kutoka kazini nini unaruhusiwa: tathmini ya kwanza, kufundisha mgonjwa, na kuamua kama matibabu yamefanya kazi havitoki mkononi mwa RN, na mgonjwa anayeyumba haendi kwa mtu mwingine.

Na sahau jinsi kwenu wanavyofanya. Nyumba ya wazee ina wagonjwa 20 kwa CNA mmoja na njia za mkato ambazo sote tunazijua. Hospitali ya NCLEX ina wafanyakazi wa kutosha, vifaa vyote vipo, na mgonjwa aliyeko mbele yako ndiye peke yake duniani. Jibu kwa hospitali hiyo.

Dawa usizikariri moja moja utachizika. Soma kwa familia na mikia ya majina, zile zinazoishia -pril, -olol, -statin, kila familia inafanya nini, inaua vipi, na unaangalia nini kabla hujampa mgonjwa. Halafu chukua zile za hatari uzijue kama jina la mwanao: insulini, heparini, wafarini, digoksini, lithiamu, potasiamu. Lithiamu 0.6 hadi 1.2, potasiamu ya damu 3.5 hadi 5.0, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) kwa wafarini mara nyingi 2 hadi 3, potasiamu haisukumwi kwenye mshipa hata siku moja. Mgonjwa anatumia furosemide na digoksini, potasiamu ni 2.9 na anasema anaona njano kuzunguka taa (dalili ya sumu ya digoksini), ukisoma sentensi hiyo inatakiwa ngozi ikusisimke kabla hujafika kwenye majibu.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui kuhusu mtihani huu tangu ulipobadilika Aprili 2023, na kinawaangusha kimyakimya. Kila mtu anapata visa vitatu vya mgonjwa, kila kisa maswali sita, hiyo ni 18 tayari. Na maswali mengi ya kuchagua zaidi ya moja sasa yanatoa alama za sehemu, lakini kwa aina kubwa ya hayo ukichagua lililo sawa unaongezewa moja na ukichagua lisilo sawa unapunguziwa moja. Piga hesabu: swali lina majibu matatu sahihi kati ya sita. Wewe una uhakika na mawili, ukachagua hayo mawili tu, una alama 2. Mwenzako kachagua matano, matatu sahihi mawili makosa, ana 1. Ule mtindo wa zamani wa kuzoa yote yanayofanana na ukweli unakula alama zako. Chagua lile unaloweza kulitetea kwa sentensi moja, basi. Kwenye vile visa pia soma maandishi ya nesi na maabara kwa kuangalia kilichobadilika kutoka saa 2 mpaka saa 6, maana swali karibu kila mara limejificha kwenye mabadiliko.

Ratiba. Nakupa wiki nane mpaka kumi, siyo nne. Siku unayotoka shifti asubuhi hufanyi swali hata moja, unalala, sitaki ubishi hapa, maswali ya mtu aliyekesha yanakufundisha makosa. Unabakiwa na siku kama nne. Kila siku maswali 40 mpaka 50 kwenye benki nzuri ya maswali, UWorld au Archer au yoyote uliyo nayo, moja inatosha, usinunue tatu. Fanya kwa saa yake bila kutazama jibu katikati, kisha tumia muda mara mbili zaidi kupitia majibu kuliko uliotumia kuyafanya. Wanaorudia wanafeli kwa wingi kuliko wanaofanya mara ya kwanza na naamini hapa ndipo siri ilipo: wanahesabu maswali, "nimefanya 3,000", hawajui hata moja walikosa kwa nini.

Nunua daftari la kawaida, la karatasi. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopata kwa kubahatisha, andika mistari miwili, nilidhani nini, na ni neno gani kwenye swali lingenionya. Usiandike maelezo yote ya kitabu, hutayasoma. Baada ya wiki mbili lisome lote kwa mkupuo, utaona makosa yako ni matatu au manne tu yanajirudia kwa nguo tofauti. Mmoja atakuta anasoma haraka anaruka neno "kwanza", mwingine anabadilisha majibu dakika ya mwisho, mwingine hajui maabara. Hayo matatu ndiyo mtaala wako wa wiki zilizobaki.

Wiki ya sita fanya mtihani wa majaribio mrefu, maswali 85, na wiki ya nane 150 kwa kikao kimoja, simu iko chumba kingine na mtoto yuko na baba yake. Mwambie mume wako kabisa kwamba Jumamosi hiyo saa tano nzima wewe haupo, wala asikuulize chakula kiko wapi. Ukiona kwenye majaribio unayumba bado, ATT yako ina muda, sogeza tarehe, Pearson wanaruhusu kubadilisha ukifanya angalau saa 24 kabla. Kusogeza hakukugharimu kitu ukilinganisha na kozi ya marudio.

Siku yenyewe: usiwe na shifti usiku wa kuamkia wala usiku wa kabla yake, na kwa kuwa mwili wako umezoea usiku tafuta nafasi ya mchana badala ya saa 2 asubuhi. Una saa tano na mapumziko yamo humo humo. Ukishajibu hurudi nyuma, kwa hiyo likipita limepita, na usihesabu maswali ukifika 86 ukaanza kutetemeka, wewe umeshafika 150 mara moja na unajua kwamba kule mlango bado uko wazi. Ukiona maswali yote magumu ndivyo mtihani ulivyotengenezwa, kila mtu anajisikia anafeli mle ndani, waliofaulu na waliofeli.

Ukifaulu Florida wanakupa leseni ya majimbo mengi kama makazi yako ni huko na umetimiza masharti mengine, na mume akipata kazi sehemu nyingine tena msipaniki. Mkihamia jimbo jingine la mkataba una siku 60 kutoka mnapohamia kuomba leseni ya huko, na hata mkienda jimbo lisilo la mkataba unaomba kwa leseni uliyo nayo. NCLEX hurudii.